Ardhi ya Mkwajuni Ipimwe Kabla ya Kuzikwa Shaba

Kituo cha kupozea umeme kinapozinduliwa, macho ya watu wote huelekea juu. Hutazamwa minara ya chuma, transfoma kubwa zinazonguruma, vikombe vya kauri vinavyoshikilia nyaya, na ua mrefu uliobandikwa vibao vya hatari. Utepe hukatwa, hotuba hutolewa, na taarifa huandikwa juu ya megawati na idadi ya vijiji vitakavyopata mwanga. Ni nadra sana kumsikia mgeni wa heshima akiuliza swali moja jepesi: chini ya kokoto hizi tunazozikanyaga kumezikwa nini, na nani alikipima?

Sisi tunaliuliza swali hilo leo, na tunaliuliza kwa viongozi na kwa wananchi kwa pamoja. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kituo chema nacho hakijulikani kwa ua wake wala kwa rangi ya transfoma zake. Sehemu inayolinda roho za watu imefukiwa chini, haionekani, haipigwi picha, na ikikosewa siku ya ujenzi hukaa kimya miaka mingi hadi siku ya msiba.

Tumeichagua Mkwajuni kuwa mfano wetu. Mkwajuni ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, katika Mkoa wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Kabla ya hapo nchi hiyo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Chunya, nayo imo katika ukanda wa dhahabu wa Lupa ambao umewavuta wachimbaji tangu miaka ya 1920. Saza ilikuwa na mgodi mashuhuri zama za ukoloni. New Luika ulianza kutoa dhahabu mwaka 2012. Baina ya migodi mikubwa kuna wachimbaji wadogo na makarasha yao, kuna mashine za kusaga nafaka, kuna shule, zahanati na ofisi za wilaya changa inayojijenga. Wote hao wanauhitaji umeme, na wana haki ya kuudai. Lakini nchi hiyo ni nchi ya miamba ya kale na ya kiangazi kirefu, na hapo ndipo hoja yetu inapoanzia.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba pengine watauliza: Mkwajuni ya Songwe inatuhusu nini sisi tuliozungukwa na bahari? Tunawajibu kwamba inawahusu sana. Unguja nako kuna Mkwajuni, katika Wilaya ya Kaskazini A, na mti ulioipa Mkwajuni ya kisiwani jina ndio ulioipa jina ile ya bara. Aidha, umeme wa Visiwani na umeme wa bara umefungwa pamoja. Tangu mwaka 1980 Unguja imekuwa ikipokea umeme kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na Tanga, na mwaka 2013 Unguja iliwekewa kebo ya pili yenye uwezo wa megawati 100. Wazanzibari hawajasahau giza la Mei na Juni 2008, wala lile la Desemba 2009 hadi Machi 2010, wakati pampu ziliposimama na maji yakakosekana mabombani. Hatusemi kwamba giza lile lilitokana na nyaya za ardhini. Tunasema kwamba lilimfundisha kila mtu jinsi ambavyo hitilafu ya mahali pamoja, pasipoonekana, inavyoweza kuushika uchumi wa kisiwa kizima.

Basi tueleze jambo lenyewe kwa lugha ya kawaida. Mafundi huliita ethi. Ni mfumo wa kuufunga umeme na ardhi: wavu wa nyaya nene za shaba unaozikwa chini ya uwanja wote wa kituo, kwa kawaida kina cha nusu mita hivi, ukiwa na matundu ya mraba yenye upana wa mita chache kila upande. Kwenye pembe na kandokando ya wavu huo hukitwa fimbo ndefu za chuma kilichovikwa shaba. Kila kitu cha chuma kilicho juu ya ardhi, kuanzia tangi la transfoma hadi miguu ya minara na ua wenyewe, huunganishwa na wavu huo. Nyutro ya transfoma nayo huunganishwa humo.

Wengi hudhani kwamba kazi ya ardhi ni kuumeza umeme, kwamba umeme ukishafika chini umekwisha. Dhana hii si sahihi, na imewagharimu watu maisha yao. Mabaharia wetu wana methali inayolieleza jambo hili vizuri zaidi kuliko vitabu vingi: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Umeme haupotei. Mkondo wowote unaotoka katika transfoma hauna budi kurudi katika transfoma iliyoutoa. Waya wa njia kuu ukikatika na kuanguka chini, au radi ikivunja kikombe cha kauri mlimani, mkondo mkubwa hupita ardhini ukitafuta njia ya kurudi kwenye nyutro ya kituo. Sehemu yake huweza kurudi kwa waya wa kinga ulio juu ya minara. Iliyobaki hupita katika udongo wenyewe. Udongo ukiwa njia nyepesi, mkondo hurudi upesi, vifaa vya ulinzi huuona, na swichi kubwa hukata umeme katika sehemu ndogo ya sekunde. Udongo ukiwa njia nzito, ardhi yenyewe iliyo chini ya miguu ya watu hupanda msukumo wa umeme.

Hapa ndipo penye hatari ambayo mwananchi wa kawaida haijui. Hitilafu inapotokea, uwanja wa kituo huweza kupanda hadi maelfu ya volti kuliko ardhi ya mbali. Ndege aliyetua juu ya waya hafi kwa sababu miguu yake yote miwili iko kwenye msukumo mmoja. Mtu aliyesimama uwanjani naye angekuwa salama kama kila anachokigusa na kila anachokikanyaga vingekuwa na msukumo uleule. Lakini sivyo ilivyo. Mlinzi aliyeshika nguzo ya chuma ana msukumo mmoja mkononi na mwingine miguuni; tofauti hiyo wahandisi huiita msukumo wa mguso. Mtu anayetembea ana msukumo mmoja katika mguu wa mbele na mwingine katika mguu wa nyuma. Huo huitwa msukumo wa hatua. Ng'ombe yuko katika hatari kubwa zaidi ya hatua, kwa kuwa miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana mbali na moyo wake uko katikati. Wafugaji wa bonde la Rukwa ambao wamewahi kukuta mifugo imelala chini ya mti baada ya radi wameiona sheria hii kwa macho yao, hata kama hawajawahi kuisikia ikitajwa.

Ni umeme kiasi gani unaotosha kuua? Mtaalamu Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California alichunguza swali hilo kwa miaka mingi, na kanuni iliyotokana na kazi yake ndiyo inayotumiwa hadi leo katika mwongozo wa wahandisi wa umeme wa Marekani, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1961 na kurudiwa mara kadhaa, likiwamo toleo la mwaka 2013. Kwa mtu mwenye uzito wa kilo 50, mkondo unaovumilika kwa sekunde moja ni takriban ampea 0.116 tu. Kwa nusu sekunde ni ampea 0.164. Maana yake ni mbili. Kwanza, kiasi kinachoweza kuuvuruga moyo ni kidogo mno ukilinganisha na maelfu ya ampea yanayoweza kupita wakati wa hitilafu. Pili, kadiri swichi inavyokata upesi, ndivyo mwili unavyoweza kuvumilia zaidi. Wavu wa ardhini na swichi ya juu ni ndugu wawili: mmoja akilala, mwenziwe hawezi kazi peke yake.

Sasa turudi katika udongo wa Mkwajuni. Ardhi hazifanani katika kupitisha umeme. Udongo wa mboji uliolowa una ukinzani wa takriban omu-mita 10; udongo wenye unyevu wa kawaida, 100; udongo mkavu, 1,000; na mwamba, 10,000. Tofauti baina ya wa kwanza na wa mwisho ni mara elfu moja. Hakuna kipimo kingine katika ujenzi wa kituo kinachotofautiana kiasi hicho kutoka mahali hadi mahali, na hakuna ambacho ni rahisi zaidi kukipuuza.

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao si wa kituo fulani. Uwanja una mita 50 kwa mita 50. Chini yake imezikwa mistari 11 ya shaba kwenda na mistari 11 kukatiza, mita 5 baina ya mstari na mstari, jumla mita 1,100 za waya. Kama udongo una omu-mita 100, wavu wote utakuwa na ukinzani wa takriban omu 1. Mkondo wa ampea 1,000 ukiingia ardhini, uwanja utapanda hadi volti 1,000 hivi. Uchukue mchoro huohuo, shaba ileile, mafundi walewale, ukauzike katika udongo wa omu-mita 1,000: ukinzani utakuwa takriban omu 10, na kwa mkondo uleule uwanja utapanda hadi volti 10,000. Karatasi haikubadilika hata mstari mmoja. Kilichobadilika ni ardhi.

Kwa sababu hiyo tunasema wazi kwamba mchoro wa ethi uliotengenezwa kwa ajili ya mfinyanzi wa pwani haufai kubebwa na kwenda kuzikwa katika miamba ya Lupa, na uliotengenezwa kwa ajili ya bonde lenye maji haufai kupelekwa mlimani. Kila uwanja upimwe. Njia ya kupima imejulikana tangu mwaka 1915, pale Frank Wenner wa Marekani alipoieleza: vijiti vinne hukitwa ardhini katika mstari mmoja kwa umbali ulio sawa, mkondo hupitishwa katika viwili vya nje, na msukumo husomwa katika viwili vya ndani. Vijiti vikikaribiana, unasoma udongo wa juu. Vikiachanishwa, unasoma wa chini zaidi. Kwa njia hiyo mhandisi hutambua kama chini ya udongo mwembamba kuna mwamba, au kama chini ya mchanga mkavu kuna tabaka lenye unyevu ambalo fimbo ndefu zinaweza kulifikia. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya ajabu. Inahitaji kifaa kimoja, watu wachache na siku chache za uaminifu.

Uaminifu huo unahusu pia majira. Katika nyanda hizi mvua huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kukoma mwezi wa Aprili au Mei. Anayepima ardhi mwezi wa Februari, matope yakiwa yamejaa viatuni, ataandika tarakimu nzuri ambazo hazitakuwapo mwezi wa Oktoba. Kituo hakifanyi kazi Februari peke yake. Ardhi ipimwe wakati wa kiangazi, na kama ratiba ya mkandarasi hairuhusu, basi hesabu ifanywe kwa kuchukulia hali mbaya kuliko ile iliyosomwa.

Zipo dawa za ardhi ngumu, na si zote ni ghali. Wavu huweza kutanuliwa, kwa kuwa eneo kubwa hupunguza ukinzani kuliko kurundika shaba katika eneo dogo. Fimbo huweza kuchimbiwa visima virefu hadi kufikia tabaka lenye maji. Udongo wa bentonaiti unaoshika unyevu huweza kujazwa kuzunguka fimbo. Mafundi wetu wengi wamezoea kujaza mkaa na chumvi katika shimo la ethi, na siku ya kupima kipimo hushuka kweli. Lakini chumvi huyeyuka na kuondoka na mvua za misimu michache, na wakati huohuo huitafuna metali. Njia inayompendeza mkaguzi siku ya makabidhiano na kumwacha mwananchi bila kinga baadaye haistahili kuitwa dawa.

Na zile kokoto zinazotandazwa uwanjani hazikuwekwa kwa ajili ya urembo, wala kwa ajili ya kuzuia majani peke yake. Kokoto ni kinga ya miguu. Katika udongo mtupu wa omu-mita 100, hitilafu ikidumu nusu sekunde, msukumo wa mguso ambao mtu wa kilo 50 anaweza kuuvumilia ni kama volti 190. Tandaza sentimita 10 za kokoto safi zenye ukinzani wa omu-mita 3,000, na kiwango hicho hupanda hadi karibu volti 680. Msukumo wa hatua nao hutoka takriban volti 260 na kufika zaidi ya volti 2,200. Fikirini basi nini hutokea pale magari yanapoingiza matope, majani yakaota, au mtu akazizoa kokoto akaenda kujengea. Kinga iliyokuwapo kwenye karatasi imekwisha, na hakuna kengele iliyolia.

Visiwani mambo yana sura yake. Katika nchi ya maweni ya mashariki mwa Unguja, mwamba wa matumbawe umefunikwa na udongo mwembamba, nao ukiwa mkavu haupitishi umeme kwa wepesi. Karibu na bahari, maji ya chumvi yaliyo chini ya ardhi hupunguza ukinzani hata mhandisi akafurahi. Lakini chumvi hiyohiyo hula chuma, hula viungo, na hula maungio ya metali mbili tofauti zilizofungwa pamoja bila uangalifu. Mkwajuni ya Songwe tatizo lake ni mkondo kukosa njia. Pwani tatizo ni njia nzuri inayooza kimyakimya. Kwa hiyo ZECO na TANESCO hazina budi kuwa na ratiba tofauti za ukaguzi kwa ardhi tofauti, na viungo vya ardhini vya pwani vifukuliwe na kutazamwa mara kwa mara zaidi kuliko vya bara.

Hatari haiishii ndani ya ua. Bomba la chuma linaloingia kituoni, waya wa simu, uzio wa seng'enge wa jirani ulioungana na ua wa kituo, hata reli, vyote huweza kuubeba msukumo wa uwanja na kuupeleka mbali kwa watu wasiokuwa na habari. Mama anayechota maji kwenye bomba lililoungana na kituo anaweza kuguswa na hitilafu iliyotokea asikokujua. Katika mkoa ambao reli ya TAZARA inapita Vwawa na Tunduma, jambo hili halifai kuachwa kwenye vitabu. Mabomba yaingiayo kituoni yawekewe vipande vya plastiki, nyaya za simu ziwekewe kinga, na waya wa ardhini upitishwe hadi mita moja hivi nje ya ua, ili anayeugusa ua kutoka nje awe amesimama juu ya shaba ileile. Na ninyi wananchi, msifunge mbuzi kwenye ua wa kituo, msiegemeze vibanda vya biashara, wala msianike nguo juu yake.

Hatuwezi kuzungumzia shaba bila kuzungumzia wizi wa shaba. Yuko mtu anayeukata waya wa ardhi unaoshuka kwenye nguzo ya transfoma ya kijiji akauuza kwa kilo kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Hudhani ameiba waya usiokuwa na umeme, kwa kuwa taa haikuzimika. Anahatarisha maisha yake papo hapo, maana waya huo huweza kuwa unabeba mkondo wa kurudi, na akishika ncha zote mbili yeye ndiye anayekuwa waya. Akisalimika, ameliacha deni kwa kijiji kizima. Siku nyutro itakapokatika, hakutakuwa na ardhi ya kuishikilia. Msukumo utayumba, na nyumba zilizozoea volti 230 zitapokea zaidi ya kiasi hicho. Friji zitaungua, na chanjo za zahanati zitaharibika pamoja nazo. Siku radi itakapopiga, kinga ya radi itakosa pa kuitupa. Tunawataka wanunuzi wa chuma chakavu waandikishe muuzaji na asili ya shaba yake, na tunawashauri wahandisi watumie chuma kilichovikwa shaba mahali panapofaa, kwa kuwa hakimtamanishi mwizi.

Liko jambo jingine ambalo maofisa wetu hawana budi kulitafakari mapema. Gridi ya Taifa inakua. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme mwezi wa Februari 2024. Njia ya kilovolti 400 ya kuiunganisha Tanzania na Zambia, ambayo Benki ya Dunia iliidhinishia fedha mwaka 2018, imepangwa kutoka Iringa, kupitia Mbeya na Tunduma, hadi Sumbawanga. Hizi ni habari njema, nasi tunazishangilia. Lakini kila mtambo mpya na kila njia mpya huongeza pia ukubwa wa mkondo unaoweza kukimbilia mahali penye hitilafu. Kituo cha zamani ambacho wavu wake ulikokotolewa kwa mikondo ya wakati ule kinaweza kuwa kimeachwa nyuma na gridi bila hata msumari mmoja kuguswa. Mto umepanuka, daraja ni lilelile. Gridi inapoimarishwa, hesabu za ethi za vituo vya jirani hazina budi kurudiwa.

Tunajua tutaambiwa kwamba fedha hazitoshi. Tunajibu kwamba gharama ya kupima ardhi ni ndogo sana mbele ya bei ya transfoma moja, na kwamba shaba huzikwa kwa urahisi pale uwanja ungali mtupu. Baada ya misingi kumwagwa na umeme kuwashwa, kurekebisha wavu kunamaanisha kuchimba baina ya mitambo iliyo hai, kwa kuzima umeme, kwa hofu na kwa gharama kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa chini ya ardhi, mahali ambapo kila tofali ni ghali.

Kwa hiyo tunaweka mbele ya wahusika mapendekezo matano. Kwanza, kituo chochote kisianze kujengwa, Songwe au kwingineko, kabla ya ardhi yake kupimwa wakati wa kiangazi, na matokeo ya kipimo yaambatishwe kwenye mchoro ili yeyote anayeukagua ayaone. Pili, kabla ya umeme kuwashwa, ukinzani wa wavu pamoja na misukumo ya mguso na hatua ipimwe uwanjani na kuandikwa katika daftari la kituo. Neno la mkandarasi kwamba kazi imekamilika lisihesabiwe kuwa kipimo. Tatu, vipimo hivyo virudiwe kila baada ya miaka michache na kila gridi inapoongezewa nguvu, na EWURA kwa upande wa bara na ZURA kwa upande wa Zanzibar zidai kuyaona madaftari hayo. Nne, transfoma za vijijini zisisahauliwe, maana watoto hucheza karibu nazo kuliko wanavyocheza karibu na vituo vikubwa; serikali za vijiji na shehia zipewe mtu wa kutoa taarifa pale waya wa ardhi unapokatwa. Tano, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia ya Zanzibar viwatume wanafunzi wao na vijiti vinne kila likizo, wapime ardhi wilaya kwa wilaya, hadi tuwe na ramani ya ukinzani wa udongo wetu. Ramani hiyo haitachukua nafasi ya kupima kila uwanja, lakini itamwonya mhandisi mapema juu ya ardhi inayomngoja, na itatufundishia vijana kazi ambayo taifa litaihitaji kwa miaka mingi.

Mapendekezo haya hayahitaji sheria ngeni wala mkopo mpya. Yanahitaji mtu mwenye madaraka aseme kwamba kituo kisichopimwa ardhi yake hakijakamilika, kisha asimame juu ya neno hilo hata siku ya uzinduzi ikiwa imekwisha kutangazwa. Mkulima wa Mkwajuni huutazama udongo wake kabla ya kutia mbegu, na mvuvi wa Kaskazini Unguja huukagua wavu wake kabla ya kushuka pwani. Hatuoni kwa nini mhandisi na ofisa wa Serikali, wanaotia ardhini shaba iliyonunuliwa kwa fedha za wananchi ili ilinde roho za wananchi haohao, wadaiwe uangalifu ulio mdogo kuliko huo.